Saa za Mwanzo: Homa ya Bonde la Ufa na Mlinzi Aliyezibwa Mdomo



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetuwafikisha kuufikia tena mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, niliombwa makala ya historia na najua ulichokuwa ukikitarajia. Ama ni vita vya Badri, kwa kuwa tuko Ramadhani, ama ni Al-Razi na Ibn Sina. Hao nawapenda. Tangu chuoni tumefundishwa kujivunia kwamba Al-Razi ndiye aliyeandika kitabu cha kupambanua ndui na surua, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Lakini tuna kawaida moja ambayo mimi hainipendezi: tukishamtaja Al-Razi tunafunga kitabu, kana kwamba baada yake hakuna tena aliyeuliza swali. Leo nataka tuzungumze historia ya karibu, iliyopita hapa hapa kwetu mtoni Tana, na ambayo baadhi ya wazee wetu bado wanaikumbuka kwa majina ya waliowazika.

Usiku mmoja baada ya taraweh, kwetu Kinakomba, tulikuwa tumekaa nje ya msikiti tukinywa kahawa. Mzee mmoja akanigeukia. "Wewe unasoma chuo kikuu," akasema, "hebu nieleze. Ule mwaka wa mafuriko, watu wawili, ndugu wa tumbo moja, walichuna mbuzi mmoja na wakala sinia moja. Mmoja akashikwa na homa siku tatu, akainuka akaenda shambani. Mwenzake akatokwa na damu puani na kwenye fizi, na wiki haikwisha tukamzika. Mbuzi ni yule yule. Kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilisema maneno mawili matatu ya kitabuni, naye akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyesahau sura aliyohifadhishwa jana. Makala hii ni jaribio la kulilipa deni hilo.

Kwa asiyekujua kwetu, Kinakomba iko kaunti ya Tana River, kandokando ya mto, upande wa Hola. Ni jina la mahali, na pia ni jina la moja ya koo za Wapokomo wa juu ya mto, ambao wengi wao ni Waislamu. Wapokomo ni watu wa shamba: ndizi, mahindi, mpunga, maembe. Majirani zetu Waorma na Wawardei ni watu wa ng'ombe, kondoo na mbuzi. Tumegombana mara nyingi, na mwaka 2012 huko chini upande wa delta iligombanwa vibaya sana mpaka watu wakauawa kwa makumi. Lakini maziwa tunayofuturia na mbuzi wa Idi hutoka kwao, na mahindi yao hutoka kwetu. Kwa hivyo ugonjwa ukiingia kwenye zizi la Muorma, umeshaingia pia kwenye chungu cha Mpokomo.

Ugonjwa aliouzungumzia mzee ni Homa ya Bonde la Ufa. Wafugaji wa Kisomali wa upande wa Garissa waliujua zamani kwa jina lao, sandik, yaani damu ya puani. Husababishwa na virusi vinavyobebwa na mbu. Kuna mbu wa jamii ya Aedes ambao mayai yao hukaa kwenye udongo mkavu wa mabonde miaka na miaka, na baadhi ya mayai hayo huwa tayari yana virusi ndani. Ikija mvua kubwa na mabonde yakajaa maji, mayai huanguliwa na mbu hutoka na virusi tayari mwilini. Wanauma mifugo kwanza. Katika kila wana-kondoo 10 walioambukizwa, zaidi ya 9 hufa, na kondoo wenye mimba hutoa mimba karibu wote. Binadamu hupata kwa kuumwa na mbu, na zaidi kwa kugusa damu, kizazi au nyama mbichi ya mnyama mgonjwa, au kunywa maziwa yake bila kuyachemsha. Haujaonekana kupita kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu mwingine.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Wengi wanaoambukizwa hupata homa ya kawaida tu na kupona, na wengine hata hawajui kama waliugua. Wanaotokwa na damu ni chini ya mtu 1 katika kila 100. Lakini hao wakifikia hapo, karibu nusu yao hufa. Wengine hupata ugonjwa wa ubongo, wengine hubaki na macho yasiyoona vizuri. Swali la mzee ndilo hilo hilo wanalouliza madaktari: kwa nini huyu na si yule?

Kulijibu inabidi turudi nyuma, mpaka Naivasha.

Julai mwaka 1930, kwenye shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, wana-kondoo walianza kufa ghafla. Kwa muda wa wiki chache wakafa maelfu, wao na mama zao. Robert Daubney na J. R. Hudson wa maabara ya mifugo ya Kabete, pamoja na daktari P. C. C. Garnham, walipopasua mizoga walikuta maini yameharibika vibaya. Wakachuja damu kwa vichujio vinavyozuia bakteria, na kilichopita kwenye vichujio bado kikaua kondoo wengine. Maana yake ni virusi. Wakaona pia kwamba kondoo waliohamishiwa nyanda za juu waliacha kufa, wakahisi kuna mbu ndani ya jambo hili. Wachungaji wa shamba waliugua homa, na watafiti wenyewe hawakusalimika. Ripoti yao ilitoka mwaka 1931 na ugonjwa ukapewa jina la bonde letu. (Wachungaji waliougua hawakupewa majina kwenye historia hii. Ndivyo historia za wakati ule zilivyo.)

Virusi vile vikasafirishwa kwenda London, na huko vikafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mwaka 1937 G. M. Findlay na F. O. MacCallum walikuwa wakichunguza homa ya manjano, ugonjwa unaoua nyani wa maabara haraka sana. Wakagundua kwamba nyani waliokwisha kuambukizwa virusi vya Bonde la Ufa, wakipewa virusi vya homa ya manjano, hawafi. Magonjwa haya mawili si ndugu. Kinga ya mwili ya kumkumbuka adui, ile inayotokana na chanjo, haiwezi kuchanganya moja na jingine. Isitoshe ulinzi wenyewe ulikuja upesi mno, kabla mwili haujapata muda wa kujifunza chochote. Kwa hivyo kulikuwa na kitu kingine mwilini, kitu cha haraka, kisichouliza adui ni nani. Findlay na MacCallum walikiona kivuli chake tu. Chenyewe hawakukishika.

Ilipita miaka 20. Mwaka 1957, katika taasisi ya utafiti wa tiba ya Mill Hill, London, Alick Isaacs, Mskoti wa Glasgow, na Jean Lindenmann, kijana kutoka Uswisi, walichukua vipande vya ngozi laini iliyo ndani ya yai la kuku. Wakaviweka pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Kisha wakayachukua yale maji yaliyobaki, wakavitia vipande vipya ambavyo havijawahi kukutana na virusi. Vile vipande vipya vikakataa kuambukizwa. Seli za kwanza zilikuwa zimetoa kitu kwenye maji, na kitu kile kiliwaonya majirani. Wakakiita interferoni. Wajapani Nagano na Kojima walikuwa wamekikaribia mwaka 1954, lakini jina lililobaki ni la London.

Hapa ndugu msomaji nikuombe subira kidogo, kwa sababu bila kuelewa sehemu hii yanayofuata hayatakuwa na maana.

Mwili una kinga za namna mbili. Moja ni kinga ya kujifunza. Hiyo humtambua adui mmoja mmoja, hutengeneza silaha ya kumfaa yeye peke yake, na humkumbuka kwa miaka. Ndiyo inayotumiwa na chanjo. Ila inahitaji siku nyingi, wiki hata. Nyingine ni kinga ya kuzaliwa nayo. Hii hatukuifundishwa na ugonjwa wowote. Mtoto huja nayo duniani. Ni ngozi, ni makamasi, ni homa yenyewe, ni zile chembe nyeupe za damu ambazo Mrusi Elie Metchnikoff mwaka 1882, akiwa Messina kule Sicily, aliziona ndani ya kiluwiluwi cha kiti cha pweza zikiuzunguka mwiba aliomchoma. Na ni interferoni. Hii ndiyo inayosimama saa za mwanzo.

Wewe uliyelima mpunga au mahindi kando ya mto unajua dungu. Unajenga jukwaa juu ya miti, unamweka kijana pale na debe. Nyani wakitokeza msituni anapiga debe. Debe likilia, mashamba yote ya jirani yanasikia. Kila mtu anatoka na rungu, wanawake wanawaita watoto, mbwa wanabweka. Nyani wale wanaweza kula mistari miwili ya mahindi, lakini shamba halitaliwa lote. Hivyo hivyo ndani ya kila seli ya mwili wako kuna walinzi. Kazi yao ni kunusa vitu ambavyo seli yenye afya haiwi navyo, mfano aina fulani ya nyuzi za RNA za virusi. Mmoja wa walinzi hao anaitwa RIG-I. Kundi jingine linaitwa TLR, jina lililotokana na jeni ya nzi iitwayo Toll. Kazi ya Mfaransa Jules Hoffmann juu ya nzi huyo mwaka 1996, na ya Mmarekani Bruce Beutler juu ya panya mwaka 1998, iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Mlinzi akinusa hatari, ujumbe hupokezanwa ndani ya seli kama kijiti cha mbio mpaka kwenye kiini, ambako jeni ya interferoni huamshwa. Interferoni hutoka nje ya seli. Hilo ndilo debe. Seli za jirani zikilisikia hufunga milango, huacha kutengeneza vitu ambavyo virusi vingevitumia, na husubiri.

Sitakuambia kwamba haya yote yamo ndani ya aya fulani, kama baadhi ya ndugu zetu wanavyopenda kufanya. Naona hilo ni kuibebesha aya kazi tuliyopewa sisi. Tumeamrishwa kutafakari, na kutafakari kuna jasho lake.

Turudi kwenye nyani wa maabara. Mwaka 1990 watafiti wa jeshi la Marekani walichapisha matokeo ya nyani waliopewa virusi vya Bonde la Ufa. Wote walipewa virusi vile vile, lakini baadhi hawakuonyesha dalili yoyote, wengine waliugua wakapona, na wachache walikufa wakitokwa na damu. Watafiti wakapima interferoni kwenye damu. Nyani ambao interferoni yao ilitokea mapema, ndani ya saa chache za mwanzo, ndio waliosalimika. Wale walioangamia interferoni yao ilikuja pia, tena wakati mwingine nyingi, lakini ilichelewa. Tofauti kati ya kuishi na kufa ilikuwa ni takriban siku moja, na pengine pungufu ya siku. Debe lililia wakati mahindi yamekwisha kuliwa.

Nani aliyelichelewesha? Jibu lilipatikana Paris, na lilitokana na mgonjwa wa Kiafrika. Mwaka 1974 virusi vya Bonde la Ufa vilichukuliwa kutoka kwa mtu aliyeugua homa nyepesi huko Jamhuri ya Afrika ya Kati. Baadaye katika maabara, kizazi kimoja cha virusi hivyo, kilichopewa jina la Clone 13, kilikutwa kimepoteza sehemu kubwa ya jeni moja, ile ya protini iitwayo NSs. Clone 13 kilikuwa kipole kabisa. Panya wa kawaida wakipewa hawafi. Mwaka 2001 Michèle Bouloy wa Taasisi ya Pasteur na wenzake walifanya jaribio ambalo mimi naliona ni zuri kuliko yote katika historia hii. Walichukua panya ambao seli zao hazina kipokezi cha interferoni, yaani panya viziwi wa debe, wakawapa Clone 13. Panya wale wakafa. Kwa hivyo upole wa Clone 13 ulitokana na interferoni: bila NSs, virusi havikuweza tena kuizuia, na panya mwenye masikio mazima alijilinda.

Utafiti uliofuata ukaonyesha kazi ya NSs kwa undani. Huingia mpaka kwenye kiini cha seli, hujisokota nyuzi ambazo unaweza kuziona kwa darubini, na huvishika vyombo ambavyo seli huvitumia kusoma jeni zake. Mlinzi amewaona nyani, amenyanyua fimbo alipige debe, na mkono umemziba mdomo na kumshika fimbo. Kumbe virusi vile vile ambavyo mwaka 1937 viliwafundisha watu kwamba kuna debe, ndivyo vyenye ujuzi mkubwa wa kulinyamazisha. Findlay na MacCallum wasingeliweza kulijua hilo.

Haya yalikuwa yakifanyika Ulaya. Huku kwetu, mvua ya El Niño ya mwaka 1997 ilifurisha Tana mpaka Garissa ikawa kama kisiwa. Disemba mwaka huo watu wakaanza kufa wakitokwa na damu, na mwanzo hakuna aliyejua ni nini. Wataalamu walikadiria baadaye kwamba katika wilaya ya Garissa peke yake watu wapatao 27,500 waliambukizwa. Ugonjwa ukaingia kusini mwa Somalia. Kisha Septemba 2000 ukatokea Jizan, Saudi Arabia, na ng'ambo ya mpaka huko Yemen, mara ya kwanza kuonekana nje ya bara la Afrika na visiwa vyake. Katika kila mojawapo ya nchi hizo mbili walifariki zaidi ya watu 100. Virusi vilipochunguzwa vilionekana ni ndugu wa karibu wa vile vya 1997 na 1998 vya kwetu. Nchi za Ghuba zikafunga bandari zao kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, biashara ambayo kwa karne nyingi imewapelekea mahujaji wanyama wa kuchinja. Familia nyingi za wafugaji zilifilisika bila mtu wao kuugua.

Halafu mwaka 2006. Ramadhani ya mwaka ule, 1427 Hijria, ilianza mwishoni mwa Septemba, na wakati huo huo wataalamu wa Marekani waliokuwa wakitazama joto la bahari na mawingu kwa setilaiti walianza kutoa tahadhari kwamba mvua itakayokuja Afrika Mashariki italeta homa hii. Mvua ikaja. Tukasali Idi tukiwa kwenye matope. Mgonjwa wa kwanza aliyejulikana aliugua tarehe 30 Novemba huko Garissa, mwanzoni mwa Mfungo Pili. Wafugaji, kama utafiti wa baadaye ulivyoonyesha, walikuwa wameshaona makundi ya mbu wasiyoyazoea na mifugo ikitoa mimba, wakatambua ni sandik, kabla ya ofisi yoyote kulitambua. Hilo ni la kuandikwa kwa wino mzito. Mtu aliyekaa na mbuzi miaka 40 naye ni msomi.

Ugonjwa ukashuka na mto, Ijara, Tana River, Malindi, Kilifi, ukatokea pia Baringo, na Januari 2007 ukavuka Tanzania. Idi ya Mfungo Tatu iliangukia mwisho kabisa wa Disemba, katikati ya balaa. Uchinjaji ukapigwa marufuku katika wilaya zilizoathirika na mifugo ikazuiwa kutoka Garissa. Fikiria, ndugu msomaji, Idi ya kuchinja bila ya kuchinja. Mpaka Machi 2007, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, Kenya ilikuwa na wagonjwa 684 waliojulikana, na 155 kati yao walikuwa wamefariki.

Hapa kuna jambo la kifiqhi ambalo nalisema kwa adabu mbele ya masheikh zetu. Mzoga ni haramu, hilo kila mtoto wa madrasa analijua. Na kwa sababu analijua, mnyama akianza kutetemeka mtu hukimbilia kisu "kumuwahi" kabla hajawa mzoga, ili mali isipotee. Wanazuoni wameeleza kwamba mnyama mgonjwa akichinjwa naye yuko hai kweli, si mzoga. Sawa. Lakini katika homa hii kisu kile ndicho kinachoua. Damu ya mnyama anayekufa kwa ugonjwa huu imejaa virusi kupita kiasi, na mchinjaji, mchunaji na mama anayekata nyama ndio wa kwanza kuipata, kabla nyama haijafika motoni. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2007 ulionyesha hivyo: walioshika au kula vitu vya mnyama mgonjwa, na walioshika vizazi vilivyotoka, ndio walioumwa vibaya au kufa zaidi. Na kwa mnyama wa Idi Mtume (s.a.w.) ameshatukatia shauri. Mnyama ambaye ugonjwa wake uko wazi hafai kwa udhuhiya.

Kuna kiasi pia, jambo ambalo mzee hakulitaja. Ndugu mmoja huenda alichinja na kuchuna, mikono ina mikwaruzo ya jembe, na mwingine alikuja nyama imeiva. Nyani watatu wakiingia shambani dungu linatosha. Wakiingia mia kwa mara moja, hata debe lipigwe vipi wanakula.

Lakini tuseme walichuna pamoja, kiasi sawa. Kwa hilo kuna utafiti uliofanyika jirani yetu kabisa, upande wa Sangailu, Ijara, kwenye vijiji vya Gumarey na Sogan-Godud, baada ya mlipuko ule. Watafiti wa Kenya na Marekani waliwapima damu wakazi, wakawauliza waliougua walipatwa na nini, kisha wakasoma sehemu fulani fulani za jeni zao. Hazikuwa jeni zozote tu, zilikuwa zile za walinzi wa dungu: TLR, RIG-I, na MAVS, ambayo ni kiungo cha kupokezana ujumbe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Waliokuwa na tofauti ndogo ndogo katika baadhi ya jeni hizo walionekana zaidi miongoni mwa walioumwa vibaya, hasa waliopata dalili za ubongo. Si ushahidi wa mwisho, maana kijiji ni kidogo na watu ni wa ukoo mmoja mmoja. Lakini unaelekea kule kule walikoelekea nyani wa 1990 na panya wa 2001. Herufi moja ya jeni inaweza kumfanya mlinzi wako awe mwepesi kidogo au mzito kidogo, na virusi hivi, ambavyo kazi yao ni kununua saa, hazihitaji zaidi ya hapo. Ndugu wa tumbo moja hurithi nusu na nusu kwa bahati tofauti. Mmoja anaweza kupata mlinzi wa macho makavu na mwenzake akapata mlinzi mwenye usingizi, na wote wawili wasijue mpaka siku ya mbuzi yule.

Baada ya 2007 homa imerudi. Mwaka 2018 ilikuwa Wajir na Marsabit. Mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021 ilikuwa Isiolo, Mandera, Garissa na hata Murang'a. Mto ulifurika vibaya tena Novemba 2023 na katikati ya 2024. Kwa mifugo chanjo ipo tangu zamani. Ile inayoitwa Smithburn ilitokana na virusi vilivyopatikana kwa mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944. Ila ikimpata mnyama mwenye mimba inaweza kumtoa mimba, na mfugaji aliyeona hivyo mara moja haji kupanga foleni mara ya pili, wala simlaumu. Clone 13, yule mpole wa Bangui na Paris, ilifanywa chanjo ya mifugo Afrika Kusini mwaka 2010, na imejaribiwa Kenya pia. Kwa binadamu hakuna iliyoidhinishwa. Iliyo njiani inaitwa ChAdOx1 RVF, na mmoja wa waliohangaika nayo ni Mkenya, George Warimwe, wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Kilifi. Matokeo ya jaribio lake la kwanza kwa watu, lililofanyika Uingereza, yalichapishwa mwaka 2023, na kwa idadi ile ndogo ya watu ilionekana salama.

Nilirudi kwa mzee na haya yote, nikamweleza kwa dungu na debe kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza, "Basi yule aliyekufa, mlinzi wake alikuwa amelala, au alizibwa mdomo?" Nikamwambia pengine vyote viwili. Akanyamaza, akageuza kikombe cha kahawa mkononi. "Alikuwa yeye ndiye aliyeshika kisu," akasema. "Mdogo wake alishika miguu."

Wabillahi taufiq.